Kicheko cha Maxine Vondrak

Kila mwaka, kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Burbank, hukusanyika watu wazima wenye kazi zao na vitambi vyao, wamevaa deraya za maboksi, ili kuzungumzia Akina Moatley. Ile ilikuwa katuni ya familia moja ya ngomeni, ikionyeshwa Ijumaa jioni enzi zile televisheni ilipokuwa kubwa kama kabati na rangi ilikuwa anasa ya matajiri. Watu hawa wanajua kila kitu. Wanajua kwamba Barnaby Moatley, baba wa familia na mlinzi wa daraja la ngome, mwanzoni alichorwa na ndevu, kisha akanyolewa kwa sababu ndevu hutikisika, na kinachotikisika lazima kichorwe upya. Wanajua kwa nini kila mtu mle ngomeni, hata mtoto mchanga, anavaa kola pana: kichwa kichorwe peke yake, kiwiliwili kiachwe palepale kikipumzika. Wanajua kwamba Barnaby akikimbia ukumbini anapita dirisha lilelile na mshumaa uleule mpaka achoke. Wanajua kwamba joka la jikoni, lile linalowasha moto wa kupikia huku likilalamika, lilipewa sauti na bwana yuleyule aliyekuwa sauti ya mama mkwe. Waulize ni nani kati yao aliyeligundua hilo kwanza, watapigana kwa mapanga ya karatasi.

Lakini wanachokizungumza kuliko vyote hawakijui, nacho ni kile kimya. Katika kipindi cha kumbukumbu ya siku ya ndoa, Barnaby anasema mzaha wake mlangoni, halafu hakuna anayecheka. Katuni hii ilikuwa na vicheko vya watazamaji kila baada ya sentensi mbili, mpaka mtu akifunga mlango tu watu hoi. Hapo, ghafla, kimya kitupu. Mwenye deraya mmoja anasema mafundi walikuwa wamegoma. Mwingine anasema hiyo ilikuwa sanaa ya juu: nchi ilikuwa inaogopa mabomu, na studio ikaamua kutuonyesha utupu wa maisha. Watu hupiga makofi, wengine huandika.

Jamani! Mabomu gani? Kimya kile kilitengenezwa na Lester Vondrak, kwa sababu mkewe alikuwa anaondoka.

Lester alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa tai ya kahawia, na kazi yake ilikuwa kuwachekesha Wamarekani bila kuwaambia neno. Alikuwa na sanduku la kimo cha kiuno, lenye magurudumu na vitufe kama vya mashine ya kuchapia, na kufuli kubwa kwa nyuma. Ndani yake mlikuwa na vipande vya utepe vya vicheko halisi vya watu halisi, vikizunguka. Ukibonyeza kitufe, mtu anacheka. Ukikanyaga kanyagio, wanacheka wengi. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia ndani, hata wenye studio. Lester alilisukuma sanduku lake kutoka studio hadi studio akiwa kimya kama mzika maiti, na walinzi wa getini walivua kofia bila kujua kwa nini.

Vicheko vyake alivipa majina. Kulikuwa na Mjomba Mnene, aliyeanzia tumboni. Kulikuwa na Bibi Kikohozi, Wanafunzi wa Nyuma, na Yule Anayeelewa Baadaye. Na kulikuwa na kitufe kimoja chenye tone la rangi nyekundu ya kucha, ambacho hakukiita jina lolote. Hicho kilikuwa Maxine, mkewe.

Alimnasa kwenye utepe mwaka wa kwanza wa ndoa yao, katika ukumbi wa Hollywood ambako mchekeshaji mmoja asiyesema alikuwa akionyesha michezo yake. Watu wa kazi ya Lester waliwapenda sana wachekeshaji wasiosema, maana kicheko cha pale hutoka safi, hakichanganyiki na maneno. Mchekeshaji akajifanya anapandisha kochi ghorofani. Hakukuwa na kochi wala ghorofa. Maxine, aliyekaa pembeni ya Lester safu ya mbele, akaanza chini kabisa kama mtu anayesafisha koo, akapanda, akapanda tena, akafika mahali ambapo hata mchekeshaji aligeuka kumtazama, na mwisho akampiga Lester kofi gotini, paaa! Kesho yake Lester aliusikiliza utepe akafurahi mno. Kofi tu ndilo lililoharibu, maana lilisikika kama mtu kabamiza mlango. Akalikata kwa wembe, akalitupa.

Tangu hapo kazi ikamkausha. Mtu anayeshinda na vicheko kutwa huwa kama mwuza samaki, hana hamu ya samaki jioni. Wageni wakija nyumbani kwao North Hollywood, wakacheka mezani, Lester aliinamisha kichwa na kusema, "Hicho ni cha wastani, kina mkia mrefu mno." Wageni wakapungua. Maxine naye akapungua kucheka, mwezi kwa mwezi, bila mtu kuona. Lester hakuona. Mtu angeonaje, na Maxine alikuwa akicheka kila siku kule kazini, ndani ya sanduku?

Sasa kuna jambo la ile kazi ambalo lazima ulishike, maana bila hilo hakuna kisa. Katuni haina watazamaji. Barnaby hakuwahi kusimama mbele ya mtu, alisimama mbele ya taa ya mchoraji. Lakini kwa vile kicheko kingekuja kubandikwa baadaye, mwongozaji aliandika pembeni ya karatasi: hapa watu wanacheka, Barnaby asubiri. Basi wachoraji wakamchora akisubiri. Mikono kiunoni, macho yanafumba na kufumbua, kulia, kushoto, kulia. Yaani watu wazima walilipwa mshahara kumchora mtu asiyekuwepo akiwasubiri watu wasiokuwepo wamalize kucheka, na hakuna aliyeona ajabu.

Maxine hakuwahi kutazama Akina Moatley. Ijumaa jioni ilikuwa jioni yake ya kucheza tufe, yeye na timu ya akina mama wenye mashati ya waridi yaliyoshonwa jina la duka la dobi mgongoni. Lester alimpeleka kwa gari, akamsubiri nje. Ijumaa moja ya mwezi wa kumi kahawa ilimbana, akaingia ndani kutafuta choo. Alipotoka, akasimama penye kaunta ya viatu vya kuazima, na mbele yake Maxine alikuwa ameinua tufe, tayari kulivingirisha zikaanguke pini. Juu ya baa palikuwa na televisheni mpya, iliyofungwa wiki ileile.

"Mke wangu akipika," alisema Barnaby Moatley kwenye televisheni, "hata joka linaomba ruhusa ya ugonjwa!"

Na Maxine akacheka. Kicheko kikaanzia chini, kikapanda, kikajaza ukumbi. Akina mama wote wakageuka. Maxine mwenyewe alikuwa amesimama na tufe lake, mdomo umefungwa.

"We Maxine," akasema rafiki yake, Opal Teasdale. "Shoga, hicho si kicheko chako?"

"Changu kipi? Mdomo huu hapa, unauona."

"Sasa kimetoka wapi? Mimi nakijua kicheko chako tangu hatujaolewa."

Televisheni ikacheka tena, vilevile, na Opal akarudi nyuma hatua moja.

"Aa, huyo!" akadakia mwenye baa akifuta glasi. "Huyo ni yule mama wa televisheni. Kila Ijumaa yupo. Nyumbani kwangu wanampenda kuliko joka."

Maxine akageuka polepole, akamwona mumewe kando ya viatu. Lester alikuwa na kipaji cha kuficha mambo ndani ya sanduku lenye kufuli, lakini usoni hakuwa na kufuli.

"Maxine," akasema, "liweke kwanza hilo tufe chini."

Kwenye gari walipita taa tatu za barabarani.

"Tangu lini?" akauliza Maxine.

"Tangu kipindi kilipoanza."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo kulikuwa na kile cha daktari wa mifugo. Na kile cha mapacha."

"Cha mapacha! Lester, kile nilisema ni upuuzi mtupu. Nilikizima mbele ya macho yako! Kumbe nilikuwa nimo ndani yake, nacheka?"

"Ulicheka vizuri sana," akasema Lester, kwa moyo mweupe kabisa. Mwanamume huyu!

"Mzaha wa joka na mapishi, Lester. Nchi nzima imenisikia nikiuchekelea mzaha wa mke asiyejua kupika. Mimi! Nani aliniuliza?"

"Ndicho kicheko bora nilichonacho, mke wangu."

"Hunacho. Ni changu." Akafungua dirisha, akalifunga tena. "Nyumbani hunichekeshi. Hujanichekesha tangu sijui lini, na hata hujajua. Halafu kule unanibonyeza. Sikiliza, nitasema mara moja tu. Ama unitoe kwenye hilo sanduku, ama nijitoe kwenye hii nyumba. Ijumaa ijayo sichezi. Nitakaa nitazame hicho kipindi chenu. Nikijisikia nacheka, hata kidogo, naondoka na basi la jioni kwa dada yangu Fresno, na usinifuate."

Lester akaendesha. Alitaka kusema neno la maana, likamjia la kazi tu: kwamba bila Maxine kipindi kitabaki na Mjomba Mnene peke yake. Akashukuru Mungu hakulisema.

Jumatatu akaenda kwa Irv Lomax, mtayarishaji. Lomax alikuwa mfupi, mwenye sigara na sauti ya mnadani, na ofisini kwake joka lilikuwa limechorwa ukuta mzima.

"Bosi, naomba kile kicheko cha mama nikipumzishe."

"Ukipumzishe? Kimechoka?"

"Mwenyewe hataki."

"Mwenyewe nani? Kina mwenyewe?" Lomax akacheka, na Lester, kwa mazoea, akakipima: kifupi, cha juu juu, hakifai. "Vondrak, watu wanapiga simu kumuulizia huyo mama. Wenye supu ya kopo, wanaotudhamini, wanataka kujua anakula nini. Huyo ndiye nyota wangu, hana ajenti, hachelewi, haombi chumba cha kujipodoa. Asipokuwepo Ijumaa, na wewe usiwepo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na hicho cha Ijumaa ni cha siku ya ndoa. Nataka acheke mpaka machozi."

Lester akarudi chumba cha sauti, akafunga mlango, akafungua kufuli. Kile kipande cha utepe kilikuwa kidogo, cha kuvikwa mkononi kama bangili. Akakichomoa, akakitia mfuko wa shati. Mtu ambaye hakuwahi kufika kazini bila tai alikuwa sasa amejiibia mwenyewe.

Alasiri Lomax akaja kusimamia. Filamu ikaanza. Lester akawabonyeza Wanafunzi wa Nyuma, akambonyeza Bibi Kikohozi.

"Mama yuko wapi?" akauliza Lomax.

"Utepe umekatika, bosi."

"Unga."

"Hauungiki."

"Fungua nione."

"Hapana," akasema Lester. Lomax akakumbuka kwamba lile sanduku hata wenye studio hawalifungui, akatukana, akaitafuna sigara.

"Haya, mzaha mkubwa ukifika wamwage wote. Wote! Paa litikisike. Na wiki ijayo mama awe amepona."

Simu ikalia. Walikuwa watu wa supu. Lomax akakipa kioo cha filamu mgongo, kidole kimoja sikioni, akaanza kuwaapia kwamba ndiyo, kopo litaonekana vizuri mkononi mwa malkia wa ngome.

Kwenye kioo, Barnaby Moatley akafika mlangoni kwake mikono mitupu. Amesahau kumbukumbu ya siku yao ya ndoa. Mkewe, Gwendolyn, amesimama na aproni, keki inazimika mishumaa yenyewe.

"Nimekuletea zawadi kubwa kuliko zote, mke wangu," akasema Barnaby, akatanua mikono. "Mimi mwenyewe!"

Lester akainua kichwa. Maneno yale aliyajua. Aliyasema yeye, mwezi wa nne, mlangoni kwake, mikono mitupu. Maxine alikuwa na aproni. Kesho yake Lester alilalamika kantini, kwamba amesema mzaha mzuri mkewe asicheke, na bila shaka mwandishi mmoja wa katuni alikuwa karibu anatafuna mkate wake. Na kweli Maxine hakucheka. Alimtazama tu, akaenda kuzima jiko. Lester alibaki mlangoni akisubiri, macho yanafumba na kufumbua.

Na sasa Barnaby anasubiri. Mikono kiunoni. Kulia, kushoto, kulia.

Vidole vya Lester vilikuwa juu ya vitufe vyote. Alikuwa na Mjomba, na Bibi, na ukumbi mzima wa watu waliokufa na walio hai, tayari kumwambia kwamba alikuwa anachekesha. Akatoa vidole, akaviweka mapajani. Mtu yule kwenye kioo hakuwa amechekesha, jamani. Alikuwa amemsahau mkewe. Lester akamwacha asubiri.

Filamu ikapita. Lomax akaweka simu chini, akageuka.

"Wamecheka?"

"Hakuna aliyelalamika," akasema Lester.

Ijumaa ikafika. Maxine aliandaa nyama ya kusaga ya kuoka, akala yake mapema, akaosha sahani yake moja. Sanduku la safari likasimama karibu na mlango. Akakaa kwenye kochi na koti lake la kijivu, vifungo vyote, mkoba mapajani. Lester alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani yake ambayo hakuigusa.

"Kaa chini," akasema Maxine. "Unaniziba mwanga."

Akakaa pembeni yake, wima, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari wa meno. Akatoa ule utepe mfukoni, akauweka juu ya mkoba wake.

"Ni wewe," akasema. "Wote ndio huo. Hakuna mwingine."

Maxine akauinua kwa kidole, akautazama kwenye mwanga wa televisheni, akautia mfuko wa koti. Hakufungua kifungo hata kimoja.

Kipindi kikaanza. Joka likalalamika, Mjomba Mnene akacheka. Mama mkwe akaanguka kwenye mtaro wa ngome, wakacheka wengi. Kila mara vicheko vilipoanza, Maxine alinyanyua kidevu akisikiliza kama mtu anayemsikiliza mwizi, na kila mara hakujisikia. Lester alitazama mikono yake. Fresno si mbali, alijiambia. Kisha akajiambia ni mbali sana.

Barnaby akafika mlangoni, mikono mitupu.

"Nimekuletea zawadi kubwa kuliko zote, mke wangu. Mimi mwenyewe!"

Maxine akageuka kumtazama mumewe. Ametambua. "Lester," akasema kwa sauti ya chini, "hata hilo umewapa?"

"Sikuwapa. Walilisikia tu."

Na hapo kile kimya kikaingia sebuleni, kimya ambacho leo watu wanakivalia deraya. Barnaby alitanua mikono, na dunia nzima haikumjibu. Akaweka mikono kiunoni, akasubiri. Macho yakafumba, yakafumbua. Akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Akarudi katikati, na kola yake pana, na lile tabasamu alilochorewa, ambalo lilianza kumning'inia usoni kwa sababu hakukuwa na aliyechorwa kumsaidia. Akasubiri tena. Maskini wa Mungu, alikuwa amepewa nafasi ya kicheko kikubwa, na ilibidi aikae yote.

Maxine akamtazama Barnaby. Akamtazama Lester. Lester alikuwa amekaa wima, tai ya kahawia, macho yanafumba na kufumbua, kulia, kushoto.

Kikaanzia chini kabisa, kama mtu anayesafisha koo. Lester akadhani anakohoa. Kikapanda. Maxine akajaribu kukizuia kwa kiganja, kikapita kwenye vidole. "Mtazame," akasema, "mtazame anavyo..." na hakuweza kumaliza, akaonyesha televisheni kwa mkoba, kisha akamwonyesha mumewe, kikapanda tena, kikafika pale mahali ambapo ule utepe ulikuwa ukikatika miaka yote, mahali ambapo Lester alikuwa amezoea kuondoa kidole.

Hakikukatika. Simu ikaanza kulia ukutani, na wote wawili walijua ni Lomax, na kwamba Jumatatu hakuna kazi. Hakuna aliyeinuka. Maxine aliinama mbele machozi yanamtoka, koti na vifungo vyake, akavuta pumzi, "Ewe Mungu wangu, Lester, mjinga we!" na mkono ukaja ukatua gotini kwa Lester, paaa, kama mtu kabamiza mlango.